Weldi za Noah

S.L.P. 1174,
Voi.
Jumapili, 2 Novemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Lois,

Pokea salamu zangu nyingi, na za wote waliobaki hapa nyumbani. Hujambo huko Maskati? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua kwa kumwinua yule bibi unayemtunza? Na bibi mwenyewe bado anakuita kwa jina la binti yake? Mwache akuite, wifi, hakuna dhambi hapo.

Sisi huku tu wazima wa mwili, tunashukuru Mungu. Sharon wako ni mzima na ameongezeka mashavu, ila akijua nimekuandikia hivyo nitajipikia chai mwenyewe mwezi mzima. Mama mkwe wako magoti ndiyo yale yale, lakini kanisani hakosi. Mpaka leo anacheka akikumbuka ulivyokuwa ukimwamkia "kwawuka mana", salamu ya asubuhi, saa kumi na moja jioni. Miaka yote hiyo umeolewa Utaita, na Kidawida chako bado kinatokea Kibwezi!

Najua unashangaa karatasi ya nini na WhatsApp ipo. Kwenye simu ungenikatiza. Ungeuliza swali moja tu, nami ningepata mwanya wa kutorokea. Najijua. Kwa hivyo nimemkabidhi barua hii Saadiya, binti wa Mzee Bwanaheri mwenye duka la nafaka, anayerudi kazini huko keshokutwa. Tafadhali isome ukiwa umeketi, na bibi akiwa amelala.

Mvua imeanza tangu Jumatatu. Ndara kote wafugaji wanashangilia, watoto wanacheza kwenye madimbwi, na kila mtu unayekutana naye njiani anakwambia "Mungu ametukumbuka." Nadhani ni mimi peke yangu Voi nzima ninayeichukia. Ikianza kunyesha natoka na mwavuli naenda kusimama mbele ya gesti ya Mzee Donald, natazama ukuta wake wa magharibi mpaka miguu inakufa ganzi. Watu wanadhani naipenda sana kazi yangu.

Ndiyo, gesti ile ile. Alinirudia mwezi wa Mei. Jua la alasiri linaupiga ule ukuta hadi wageni wanahama vyumba na mabegi yao, na alitaka upandwe majani tena. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kukataa. Nikasikia mdomo wangu ukikubali.

Safari hii sikutumia chuma. Nilichukua makapi ya mkonge, yale yanayobaki kiwandani nyuzi zikishatolewa, tukayagandamiza mpaka yakawa kama zulia, tukayashona mifuko. Ndani ya mifuko si udongo, ni unga wa makumbi ya nazi kutoka pwani. Nikapanda majani ya kongwe, mishubiri midogo midogo, na yale majani ya zambarau yanayotambaa ambayo wewe ulishindwa kuyaua hata kwa kuyasahau. Mifuko inaning'inia kwenye wavu wa kamba uliofungwa kwenye boriti za zege, na maji yanapita kwa mipira ya dripu, tone moja moja. Mfuko mmoja ukilowa chepechepe, unachuruzika, ni kilo moja na robo. Nimeupima mara arobaini. Mita moja ya mraba ya ukuta, na maji yake na mimea yake, haifiki kilo kumi na sita.

Umependeza, wifi. Siwezi kusema uongo juu ya hilo. Vyumba vimepoa, ndege wameanza kujenga viota, na watu wanateremka kwenye magari kupiga picha. Kila anayenisifu lazima aongeze, "Na umefanya vizuri kuachana na mambo ya weldi." Mzee Donald mwenyewe aliwaambia wageni mbele yangu kwamba ukuta wa kwanza uliharibiwa na fundi. Nikanywa soda yangu.

Kuna neno sijawahi kukwambia, na kama hujalisikia kwa mwingine, basi lisikie kwangu. Hapa kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, kazi ikiwa mbovu siku hizi wanasema "hiyo ni weldi ya Noah." Kitanda kikivunjika, geti likilegea, ni weldi ya Noah. Wanasema hata wale ambao hawakumwona marehemu kwa macho. Sharon alilisikia njiani akiwa amebeba mkate, akafika nyumbani, akauweka mezani, akaniuliza kama ni babake anayesemwa. Nikamwambia watu wana midomo, awaachie Mungu.

Sasa nikwambie linalonila. Unakumbuka alivyokuwa kaka yangu akimaliza kiungo. Lazima akigonge kwa nyundo mara tatu, ameinamisha kichwa anasikiliza kama daktari. Ulikuwa ukimtania kwamba siku moja atakugonga na wewe kiunoni asikie kama umeshika vizuri. Ule mlio wa nyundo nausikia, Lois. Si usiku wala si ndotoni. Ni saa nane mchana, jua liko utosini, nimesimama chini ya ukuta mpya. Ko, ko, ko. Kimya. Halafu tena, hatua moja kulia. Ko, ko, ko. Anahama kiungo kwa kiungo. Ule ukuta una kamba na majani, hauna chuma mahali popote. Sasa anagonga nini?

Nilimwambia mchungaji, akaniombea, akasema ni uchovu. Lakini uchovu haunukii vijiti vya kuchomelea. Harufu ile inanijia jikoni, ndani ya gari, hata kwenye kitambaa cha meza ya Bwana. Na mikono yangu imekuwa mizani. Nikiinua sufuria najua ni kilo ngapi. Nguo nikizitoa kwenye beseni nazipima kwa mkono kabla ya kuzianika, na zikikauka nazipima tena. Siku moja Sharon alinikuta na blanketi lako bichi mikononi, nimesimama tu nalo uani, linanilowesha. Akalichukua polepole akalianika.

Wifi, vuta pumzi. Sasa nasema.

Weldi za Noah hazikukatika.

Ukuta ule wa kwanza niliuchora mimi. Masanduku ya bati ndani ya fremu za chuma, yamejaa udongo na samadi ya kutoka Ndara. Mwezi wa Septemba, mwaka ule wa mvua kubwa, nilibeba sanduku moja hadi dukani kwa Mzee Bwanaheri nikalipima kwenye mizani yake ya magunia. Kilo thelathini na nane. Nikapiga hesabu ya bolti kwa thelathini na nane hiyo. Udongo ulikuwa mkavu kama unga, kwa sababu Voi mwezi wa Septemba udongo haujui kuwa vingine. Mtu wa Kericho, kunakonyesha kila siku, asingefanya kosa hilo hata akiwa amelewa. Sisi tuliozaliwa hapa tunapima dunia kavu.

Noah aliniuliza. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa ameshika kona ya fremu, akasema, "Na hii ikilowa je?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Voi hii? Ilowe na nini, jasho lako?" Akacheka naye, kile kicheko chake cha kufuta pua kwa kiganja, akasema, "Haya, wewe ndiwe uliyesoma." Akarudi kwenye kazi.

Novemba mvua ikanyesha siku kumi na moja mfululizo. Asubuhi ile Mzee Donald alinipigia simu kwamba fremu ya juu kwenye kona imeinama. Sikwenda. Nilikuwa na mkutano. Nilimpigia Noah nikamwambia, "Panda uangalie weldi zako." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na nimeyasema moyoni kila siku tangu hapo. Alipanda. Bolti ziling'oka na mawe yake kutoka ukutani, fremu ikaja chini nzima, pamoja naye. Nzima, Lois. Haikuachana hata mahali pamoja.

Nilifika watu wakiwa wameshamfunika. Nikaiona fremu imelala pale matopeni, imepinda kidogo lakini imeshikana kila kiungo, na nikajua papo hapo. Nikaita lori ikaletwa uani kwangu siku ile ile, nikaifunika kwa turubai. Nilisema siwezi kuivumilia kuiona. Watu wakanihurumia. Siku tano baada ya mazishi nikabeba sanduku moja lililolowa nikarudi nalo kwa Mzee Bwanaheri. Kilo sitini na moja. Mzee akautazama mshale, akanitazama mimi, akasema, "Mizani yangu haina uongo, mwanangu." Basi. Mpaka leo nikipita ananiitikia salamu vizuri, lakini habari za kazi haniulizi.

Halafu ikaja ile fomu ya ajali. Kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Kampuni yangu ilikuwa na mwaka mmoja, na nilijiambia kwamba marehemu haumii tena, mimi ndiye nitakayemsomesha Sharon. Nikaandika kwa mkono wangu huu, "Uchomeleaji hafifu." Maneno mawili.

Na wewe ukaja. Ulipiga magoti pale jikoni kwangu, ukiwa bado na kitambaa cheusi kichwani, ukaniomba nimsamehe mumeo kwa kuniharibia kazi na jina. Nikakuinua. Nikakwambia, "Nimemsamehe, wifi, yaishe." Haki ya Mungu nilisema hivyo. Nilikukumbatia nikalia nawe, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui ni mtu wa namna gani. Miezi minne baadaye ukaenda Uarabuni kwa sababu hukuweza kupita sokoni bila kuona aibu. Nilikusindikiza mpaka kituo cha treni, nikakubebea na begi.

Najua huenda umeshaitupa karatasi hii. Ukiiokota, kuna mengine.

Mwezi uliopita chuo cha ufundi anachosoma Sharon kiliniita niwaeleze wanafunzi habari za kuta nyepesi. Amechukua uchomeleaji, unajua, alikwambia mwenyewe. Ninachohofu hakukwambia ni kwamba anakaa peke yake kwenye benchi. Nilieleza vizuri, nikawafundisha jambo ambalo limenigharimu kaka: mfuko upimwe ukiwa umelowa, kisha ongeza upepo, kisha ongeza uzito wa mtu atakayepanda kupogoa. Wakaandika. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Ule ukuta wa kwanza ulianguka kwa sababu ya weldi, sivyo?" Sharon alikuwa benchi la tatu, macho kwangu. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana, Lois. Darasa zima lingeshangaa, na ingekwisha. Nikasema, "Ndiyo." Nikaendelea na mambo ya kamba.

Tangu siku hiyo hakurudi chuoni. Anaamka, anafagia, anamkanda bibi yake magoti, anakaa. Nilimsihi, nikamgombeza, nikamwahidi simu. Akasema tu, "Kuna haja gani nifundishwe kazi ambayo kuiharibu kuko kwenye damu yangu?" Ndipo nilipoanza kuogopa kwamba nimezika wawili.

Alhamisi, mvua ilipopumzika, nilikuwa mezani nachora nikasikia tena. Ko, ko, ko. Lakini safari hii haikuwa kwenye gesti, ilikuwa uani kwangu. Ko, ko, ko. Nikasema leo amenifuata mpaka nyumbani. Nikatoka na kalamu mkononi. Turubai lilikuwa limevutwa chini. Sharon alikuwa amechuchumaa juu ya ile fremu na nyundo ya babake, anagonga kiungo, anainamisha kichwa, anasikiliza, anasogea. Mshazari ule ule wa shingo. Sijawahi kuogopa mtu aliye hai namna ile.

Hakugeuka. Aligonga vyote, Lois. Viungo thelathini na viwili. Nilisimama nikivihesabu pamoja naye. Alipomaliza akafuta pua kwa kiganja akaniuliza, "Shangazi, ni weldi gani iliyokatika?"

Nikamwambia yote. Mizani, jasho, simu, fomu, wewe jikoni. Niliketi chini kwenye matope. Sikulia, nilihisi sina ruhusa. Yeye alisikiliza amesimama, nyundo imening'inia, na nilipofika kwenye "Uchomeleaji hafifu" alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Wewe si wa huku, kwa hivyo acha nikueleze jambo ambalo bibi yetu mzaa baba alikuwa akilifanya kabla kanisa halijamkaripia. Tunaliita kutasa. Mtu wa familia akiwa na hasira na mwenzake, hasira hiyo ikikaa moyoni inaweza kumdhuru yule mwingine, hata kama mwenye nayo hataki. Basi mwenye hasira anajaza funda la maji mdomoni baada ya kusema yaliyomo moyoni mwake, kisha anayatema yale maji nje, fuu, yanyunyizike chini. Hasira imetoka. Mnaweza kula pamoja. Noah alimfundisha Sharon mambo hayo akiwa mdogo, wakichezea maji kwenye bomba.

Sharon alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua. Akachota kikombe. Akarudi akasimama mbele yangu, akajaza funda mdomoni, mashavu yakatuna. Nilielewa. Nilifumba macho, nikainua uso, nikangoja maji yaniangukie. Wifi, sijawahi kutamani kitu maishani mwangu kama nilivyoyatamani maji yale.

Nikasikia akimeza.

Nilipofumbua macho alikuwa anamwaga yaliyobaki kikombeni, taratibu. Akasema, "Bado, Shangazi. Mama ajue kwanza, kwa mkono wako. Halafu wale wa vibandani." Akaingia ndani kumpikia bibi yake uji.

Ndiyo maana naandika. Siwezi kusema ni moyo wangu ulionisukuma, ungekuwa na nguvu hiyo ungenisukuma zamani. Jumamosi ijayo tutaibeba fremu kwenye mkokoteni mpaka vibanda vya jua kali, tuishushe pale barabarani, na kila fundi akitaka aigonge. Nitasema mwenyewe, kwa sauti. Kwa ofisi iliyopokea ile fomu nimeshaandika, na Mzee Donald nitamwona Jumatatu inayofuata. Mama nitamwambia mara Saadiya atakaponipigia kwamba barua imefika mkononi mwako. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwogopa zaidi, maana bado anamwombea Noah kila asubuhi asamehewe uzembe.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nilikupa msamaha wa uongo, sitaki unilipe wa haraka. Ukiwa na hasira, kaa nayo, ni mali yako. Ninachokuomba ni kimoja tu: mpigie Sharon. Umwambie babake alikuwa fundi. Mimi nimemwambia, lakini neno langu sasa kwake ni jepesi.

Nakusalimia kwa niaba ya Mama, ambaye anauliza kama huko kuna viazi vikuu. Wakusalimu pia dada Immaculate wa Mraru na mumewe Austin, na Mzee Bwanaheri amesema Saadiya akuletee tende, eti ziko huko huko zilikotoka lakini pokea tu. Sharon hakunituma salamu. Amesema zake atakupa mwenyewe, siku utakapompigia.

Mungu akushike mkono kila uingiapo na utokapo katika nyumba hiyo ya watu, akulinde mgongo, na akurudishe kwetu ukiwa umeinua kichwa.

Ni mimi nikupendaye, na jina la kuniita kuanzia leo chagua wewe,

Wakio.